Shamba Jipya na Mvua Zinakwisha: Tupande Mboga Gani?



Familia nyingi hupata kipande cha ardhi wakati majirani wamekwisha panda. Mmoja hukodishiwa robo ekari bondeni mwezi Mei, baada ya mwenyewe kushindwa kuilima. Mwingine hugawiwa sehemu yake baada ya vikao vya ukoo vilivyochukua miezi. Mwingine amehamia nyumba mpya na kukuta uwanja wa nyuma umejaa nyasi. Wote hawa huuliza swali moja: Tumechelewa, je, tupande nini?

Swali hilo ni la kilimo, lakini tunalileta katika ukurasa wa afya kwa sababu jibu lake huonekana katika sahani ya mtoto. Mvua zikiisha, mboga za majani huadimika na bei yake hupanda. Nyumba iliyokuwa ikila mchicha kila siku mwezi Mei, ifikapo Agosti hula ugali kwa dagaa wachache, au kwa mchuzi mtupu. Wanaoumia kwanza ni watoto wadogo na mama wajawazito. Hivyo kinachopandwa katika majuma haya machache ya mwisho wa mvua ndicho kitakachoamua watakula nini wakati wa kiangazi.

Jambo kubwa tunalotaka kulisema ni hili: aliyechelewa asichague mboga kwa kutazama bei ya sokoni, wala kwa kutazama jirani amepanda nini. Achague kwa kutazama maji yaliyobaki.

Hesabu majuma

Katika sehemu zenye misimu miwili ya mvua, kama Tanga, Pwani, Kilimanjaro na Arusha, masika huanza Machi na huelekea kwisha Mei. Katika sehemu zenye msimu mmoja, kama Dodoma na Singida, mvua huanza Novemba au Desemba na huisha Aprili. Kwa hiyo mtu wa Tanga huhesabiwa amechelewa mwezi Mei, na mtu wa Dodoma amechelewa tangu Machi.

Waulize wazee na wakulima wa hapo hapo mvua huisha lini kwa kawaida. Hesabu majuma yaliyobaki, kisha ongeza majuma mawili au matatu, kwa kuwa udongo mzuri hubaki na unyevu baada ya mvua ya mwisho. Udongo wa kichanga huwahi kukauka, basi kwa huo ongeza juma moja tu. Kwa mfano, aliyepata shamba tarehe 1 Mei, na mvua za kwao huisha mwishoni mwa mwezi huo, ana majuma 6 au 7 ya maji ya bure. Mboga inayohitaji majuma 4 itamaliza safari yake. Mboga inayohitaji majuma 14 itakauka njiani, isipokuwa uinyweshe kwa mkono.

Hesabu ndoo

Kabla ya kununua mbegu, jiulize: mvua zikikatika, nyumba yetu inaweza kubeba ndoo ngapi za maji kwa siku, na nani atazibeba? Wakati wa jua, mita moja ya mraba ya mboga huhitaji kama lita 4 au 5 kwa siku. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 hunywa ndoo moja ya lita 20, au kuzidi kidogo. Mwenye ndoo 4 kwa siku atunze matuta 4. Akilima matuta 10 kwa ndoo hizo 4, yote kumi yatanyauka.

Hesabu hii ifanywe na baba na mama pamoja. Shamba likiongezwa bila kuhesabu ndoo, mzigo wote humwangukia mama au binti anayetoka shule. Maji yaliyooshea mboga na nafaka yasimwagwe, yapelekwe bustanini.

Utazame udongo mpya

Shamba jipya lina historia usiyoijua. Chimba shimo la kina cha sentimita 30. Ukikuta tabaka gumu kama sakafu, lilegeze kwa jembe, la sivyo mizizi itaishia juu na kukauka mapema. Lijaze shimo maji. Kama maji yanakaa siku nzima bila kunywea, mahali hapo patuamisha, na mboga zipandwe juu ya matuta yaliyoinuliwa.

Tazama na magugu. Kama shamba limejaa ndago au sangari, usisie mbegu ndogo kama za karoti hapo mwaka huu, kwa maana magugu hayo huchipua upya kutoka ardhini na kuzifunika. Hapo panda vitu vyenye nguvu vinavyotambaa na kuziba ardhi: matembele, kunde au maboga.

Uliza pia msimu uliopita palipandwa nini. Kama palikuwa na nyanya zilizonyauka, usirudishe nyanya, wala bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo au mnafu. Mimea hiyo ni ya jamii moja, na ugonjwa uliobaki ardhini huweza kuishambulia yote.

Kama shamba liko kando ya mto, kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake. Ulizeni serikali ya kijiji au mtaa kabla ya kulipia ardhi kama hiyo.

Makundi matatu ya mboga

Kundi la kwanza ni mboga za haraka, ambazo huanza kuliwa katika majuma 3 hadi 6. Humo mna mchicha, majani ya kunde, mgagani, chainizi, mnafu na majani ya maboga. Hizi ndizo rafiki wa aliyechelewa. Mchicha na mgagani huweza kuwa tayari katika majuma 3 au 4. Majani ya kunde huchumwa yakiwa machanga katika muda huo huo, na mkunde huvumilia ukame kuliko mboga nyingi. Matembele tunayaweka karibu na kundi hili: marando yakishika vema, machipukizi huanza kuchumwa baada ya majuma 5 au 6, na huendelea kutoka kwa muda mrefu.

Kundi la pili ni mboga zinazochukua miezi miwili hivi lakini zikianza haziishi upesi. Humo mna sukuma wiki na bamia. Sukuma wiki ikisiwa kitaluni hukaa mwezi mzima kabla ya kupandikizwa. Aliyechelewa asiusubiri mwezi huo. Anunue miche iliyo tayari, au aombe machipukizi ya pembeni kwa jirani mwenye sukuma wiki yenye afya, ayapande kivulini hadi yashike mizizi. Katika jumuiya ndogo ndogo jambo hili ni rahisi: mwenye miche iliyozidi awape wenzake. Sukuma wiki hupenda ubaridi wa kipupwe, Juni hadi Agosti, na ikinyweshwa itawalisha kwa miezi mingi.

Kundi la tatu ni mboga za muda mrefu: nyanya, kabichi, karoti na vitunguu. Karoti huhitaji kama miezi mitatu. Nyanya na kabichi, ukihesabu na muda wa kitaluni, huchukua miezi mitatu hadi minne. Vitunguu huchukua mitano au kuzidi. Watu wengi hukimbilia kundi hili kwa sababu lina fedha. Hatusemi ni vibaya, lakini mboga hizi zipandwe na mwenye maji ya uhakika. Asiye na maji apande miche michache karibu na nyumba, na sehemu kubwa ya shamba aiachie mboga za haraka.

Pembeni mwa shamba pandeni mihogo. Vipando vikipata unyevu wa mwisho wa mvua vikashika, mmea huo huvumilia kiangazi vema na kisamvu chake huchumwa wakati mboga nyingine zimekauka. Mlonge nao huvumilia ukame, ila mche mchanga unyweshwe katika kiangazi chake cha kwanza.

Mfano wa familia moja

Tuchukue familia ya watu 6, iliyopata kipande cha mita 10 kwa 10 mwanzoni mwa Mei, na yenye ndoo 4 za maji kwa siku. Tungewashauri watengeneze matuta 4 ya mita 1 kwa 5 upande ulio karibu na maji.

Tuta la kwanza liwe la mchicha, lakini wasilisie lote siku moja. Waligawe mara tatu: theluthi ya kwanza wasie leo, ya pili baada ya siku 10, ya tatu baada ya siku 10 nyingine. Wakimaliza kuvuna ya kwanza, wairudishie samadi na kusia tena. Kwa njia hiyo hawatakuwa na mchicha wa kutupa juma moja na kukosa kabisa juma linalofuata.

Tuta la pili liwe la sukuma wiki, mistari miwili, mche na mche nusu mita. Hapo hukaa miche 20. Wachume majani ya chini na kuacha ya juu yaendelee.

Tuta la tatu ligawanywe kati ya mnafu na chainizi. Tuta la nne nusu liwe karoti, na nusu miche 8 ya nyanya kwa ajili ya kuungia.

Sehemu yote iliyobaki isitegemee ndoo hata moja. Humo wapande kunde, matembele na mashina machache ya maboga, mapema kadiri iwezekanavyo, ili mimea hiyo ishike kabla ardhi haijakauka. Mpakani wapande mihogo.

Mbegu na samadi

Aliyechelewa hana muda wa kusia mara mbili. Kwa hiyo apime mbegu kabla ya kusia. Chukua mbegu 10, uziweke katika kitambaa kibichi, ukifunge na kukiweka mahali penye joto ndani ya nyumba. Kilowanishe kila siku. Baada ya siku 5 hadi 7, hesabu zilizochipua. Zikiwa 7 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa 4 au 5, sia nyingi zaidi. Zikiwa chini ya hapo, tafuta nyingine. Dukani soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na utazame kama paketi ina lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, yaani TOSCI.

Msizidharau mboga za kienyeji kwa kuwa mbegu zake si za bei. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa Arusha mwaka 1992 kimeshughulikia kwa miaka mingi mbegu bora za mchicha, mnafu na mboga nyingine za Afrika. Wataalamu wanazithamini, nasi tuzithamini.

Samadi itumike iliyooza vema, yenye rangi ya udongo na isiyo na harufu kali. Ndoo moja ya lita 20 yatosha mita 3 au 4 za mraba. Samadi mbichi huunguza miche, na pia ina vijidudu vinavyoleta kuhara. Baada ya miche kusimama, tandaza majani makavu yasiyo na mbegu kati ya mistari. Matandazo hayo huzuia jua kunyonya unyevu, nawe utapunguza safari za kisimani. Nyweshea asubuhi mapema au jioni.

Tujihadhari

Bustani ya kutibu isije ikaleta ugonjwa. Maji ya mfereji wa mji au yanayopita karibu na vyoo yasinyweshewe mboga za majani. Mboga zote zioshwe kwa maji safi, hasa zinazoliwa mbichi, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Kama mmechimba kisima kifupi shambani, kifunikeni. Kikiachwa wazi huzaa mbu wa malaria, na mtoto aweza kutumbukia.

Anayetumia dawa ya wadudu asome lebo na kungoja siku zilizoandikwa kabla ya kuvuna. Mchicha unaovunwa kila siku haufai kunyunyiziwa dawa kali. Ni afadhali kuondoa wadudu kwa mkono na kung'oa mashina yaliyoshambuliwa. Chupa ya dawa isitumike kamwe kuwekea maji, maziwa au mafuta ya kula. Na mbegu zilizopakwa dawa ya rangi zisiliwe hata kama zimebaki.

Kutoka shambani hadi sahani

Majani ya kijani kilichokolea yana viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kuusaidia mwili kupambana na magonjwa. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa vitamini hiyo huanza kwa kutoona vizuri giza linapoingia, na asiposaidiwa aweza kupofuka. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Wapelekeni, lakini matone hayo hayaondoi haja ya mboga. Majani yana pia foliki asidi, ambayo mama mjamzito anaihitaji sana kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, pamoja na madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki aendelee kuvimeza. Mboga huvisaidia, hazichukui nafasi yake.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Lakini kuwa na mboga nyingi si kitu kama tunaipoteza faida yake jikoni. Tufuate haya:

1. Osha mboga kabla ya kukata, si baada ya kukata, ili vitamini zisiondoke na maji.

2. Pika kwa muda mfupi, na maji ya kuchemshia yasimwagwe. Kisamvu hakimo katika kanuni hii: lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri hadi kiive, kwani kibichi kina sumu.

3. Tia mafuta kidogo, au karanga zilizotwangwa, au tui la nazi. Vitamini A huingia mwilini kwa msaada wa mafuta.

4. Kamulia limau, au kula chungwa au pera pamoja na chakula. Vitamini C husaidia mwili kulipata chuma la majani. Chai na kahawa hulizuia, basi zinywewe saa moja au mbili baada ya chakula.

5. Mtoto akifikisha miezi 6, pamoja na maziwa ya mama, apewe mboga iliyopikwa ikalainika na kupondwa vizuri ndani ya chakula chake. Asipewe mchuzi tu huku majani yakibaki kwa wakubwa. Tunda changa la kijani la mnafu asipewe, lina sumu.

Kunde na matembele yakizidi mwezi Juni, yasiachwe yakomae shambani. Yachumwe, yaoshwe, yakaushwe kivulini penye upepo, juu ya chekecheke au mkeka safi ulioinuliwa. Jua kali huharibu vitamini A. Yakikauka hata kuvunjika mkononi, yahifadhiwe katika chombo kikavu chenye mfuniko, mahali penye giza. Hiyo itakuwa mboga ya Septemba.

Msimu ujao

Wakati mnavuna, mabaki ya mimea na majani msiyachome. Yakusanyeni pamoja na samadi na majivu kidogo, mlowanishe, mgeuze kila baada ya majuma mawili au matatu. Vuli ikifika Oktoba mtakuwa na mboji, mtaujua udongo wenu, na mtajua maji hutuama wapi na ndago ziko wapi. Hapo ndipo mtakapoweza kupanga nyanya na kabichi za kuuza, mkiwa na mvua mbele yenu badala ya nyuma.

Kwa sasa anza na kilicho hakika. Leo jioni kaeni nyumbani mhesabu majuma na ndoo. Kesho pimeni mbegu. Mchicha ukisiwa juma hili, kabla ya mwezi kwisha watoto watakuwa na mboga.